Miezi Mitano Darasani, Miezi Kumi na Minne Nje

Wiki jana binamu yangu aliyeko Murang'a aliniandikia saa tano usiku: "Dada, zile pesa za karo zimepatikana. Nijiunge?" Alimaanisha shule ya kuandika programu, zile za miezi michache ambazo hazidai digrii wala haziulizi ulipata gredi gani kwenye KCSE, mtihani wa fomu ya nne. Nilisoma ujumbe mara mbili, nikaiweka simu chini. Swali hili naulizwa karibu kila mwezi, na watu nisiowajua vizuri huwa nawajibu upesi. Huyu ni mtoto wa shangazi. Na pesa zenyewe najua zimetoka wapi: ng'ombe mmoja ameuzwa.

Basi jibu lake ndilo hili, na limekuwa refu.

Mimi nilijiunga Januari 2019. Kabla ya hapo nilikuwa miaka minne nyuma ya kaunta ya duka la vipuri pale Kirinyaga Road, Nairobi, barabara ambayo wazee mpaka leo wanaiita Grogan. Nilijua vipuri vya Probox bila kusoma boksi. Nilijua fundi gani hulipa, na yupi husema "niandikie" halafu asionekane hadi Krismasi. Hesabu zote zilikuwa kwenye kaunta buku moja yenye jalada gumu jeusi, na kurasa zake zilikuwa na alama za vidole vyenye grisi. Nilipoaga, Mzee mwenye duka hakufurahi. "Msichana wangu," aliniambia, "hiyo kompyuta itakulisha?" Nikamjibu itanilisha. Tangazo nililoliona lilikuwa limesema hivyo, nami nikaliamini.

Shule yenyewe sitaitaja. Ninayoyasema si ya shule moja, na walimu wake walinifunza kwa moyo.

Ukitaka kujua shule hizi zilitoka wapi, panda gari la Ngong Road. Ni huko iHub, ukumbi wa vijana wa teknolojia, ilikofungua milango mwaka 2010, miaka mitatu baada ya M-Pesa kuanza na mwaka mmoja baada ya nyaya za intaneti za baharini, SEACOM na TEAMS, kufika Mombasa. Mwaka huo wa 2010 ndipo AkiraChix walipoanza kazi ya kuwaingiza wasichana katika teknolojia. Moringa School ikafuata mwaka 2014. Wazo lenyewe lilikuwa likichemka kwingine pia. Paris ilikuwa na shule iitwayo 42 tangu 2013, shule isiyo na walimu, ambako wanafunzi wanasahihishana kazi wenyewe. San Francisco ikapata Holberton School mwaka 2015, iliyopewa jina la Betty Holberton, mmoja wa wanawake sita waliopanga kazi za kompyuta ya ENIAC miaka ya 1940. Vijana wengi wa Nairobi wameupitia mtaala wa Holberton kupitia ALX, mpango wa mafunzo ya teknolojia.

Kuhusu Holberton kuna jambo moja ambalo halinitoki akilini. Hapo mwanzo mwanafunzi hakulipa karo. Alisoma, akatafuta kazi, na alipoipata ndipo alipokatwa asilimia 17 ya mshahara kwa miaka kadhaa. Mkataba wa namna hiyo una ubaya wake, asilimia 17 si pesa kidogo. Lakini hebu fikiria: shule inayokula pale tu unapoajiriwa haiwezi kukusahau siku ya mahafali. Yangu ilikuwa imeshalipwa. Siku ya mahafali hesabu yetu ilikuwa imefungwa, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza mwezi wa sita nitaamkia wapi.

Darasani sitakaa sana. Tulikuwa watu kumi na tisa. Nilitoka Githurai alfajiri na kurudi usiku, siku sita kwa wiki, miezi mitano. Tulianza na kurasa za tovuti, tukaingia JavaScript, tukamaliza na hifadhidata. Tulikaa wawiliwawili, mmoja akiandika na mwingine akimwangalia makosa. Nililia mara mbili chooni na nilicheka mara nyingi zaidi ya hapo. Mwisho tulionyesha kazi zetu mbele ya wageni wenye suti, kukawa na sambusa na sharubati, nikarudi nyumbani na kadi saba za biashara mkobani. Zote saba nilizipigia simu.

Juni ilikwisha, Julai ikaja. Kila tangazo la kazi lilitaka uzoefu wa miaka mitatu. Nikasema basi niombe atachimenti, nijifunze bila mshahara. Atachimenti nayo inadai barua ya chuo na bima ya mwanafunzi, na mimi sikuwa tena mwanafunzi wa mahali popote. Nafasi za serikali zilitaka digrii au diploma inayotambuliwa. Cheti changu kilikuwa kizuri, kwenye karatasi nzito, lakini hakikuwa na kisanduku cha kukitia kwenye fomu zile. Kuna kampuni moja ilinipa "mtihani wa nyumbani" wa siku tatu, nikajenga mfumo mzima wa kufuatilia mizigo, nikaumaliza saa tisa usiku wa Jumapili. Hawakunijibu hata kwa neno moja. Ningependa waajiri wanaosoma hapa waelewe kwamba siku tatu za mtu asiye na kazi ni nauli, ni bando za intaneti, ni chakula alichokosa kwenda kukitafuta.

Halafu ikaja Septemba 2019. Andela, iliyokuwa ikichukua vijana, kuwafunza na kuwaunganisha na kampuni za nje, ilitangaza kuwapunguza developa wake wachanga, yaani waandishi wa programu, takriban 400 kwa Nigeria, Kenya na Uganda. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba wateja wanataka wenye uzoefu mkubwa. Sisi wa cheti cha miezi mitano tulijikuta kwenye foleni moja na watu waliokuwa wameshakaa kazini mwaka au miaka miwili, na waliotutangulia kwa kila kitu. Siwalaumu. Wao pia walikuwa wameahidiwa.

Mtu aliyetuumiza moyo zaidi kikundi kizima ni kijana mmoja tuliyemwita Dogo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote. Alikuwa na kipaji. Ukimwekea hitilafu mbele yake anaiangalia kama fundi saa, kimya, halafu anagusa mstari mmoja na kitu kinaamka. Mwezi wa tisa baada ya mahafali aliuza laptopu kulipa kodi ya nyumba. Alituambia baadaye, ilipokuwa imeshauzwa. Tungejua mapema tungechanga, watu kumi na wanane hatungeshindwa. Leo anauza mitumba Gikomba na ana kibanda chake, anajitegemea, na tunaponunua jaketi kwake anakataa pesa yetu ya kwanza kila mara. Lakini mimi nilimwona akifanya kazi ile. Najua nchi ilipoteza nini siku ile laptopu ilipovuka mkono.

Ndiyo maana nikasema jibu la binamu ni refu. Watu wanauliza kama shule ni nzuri. Nzuri, ndiyo, nyingi ni nzuri. Kinachofaa kuulizwa ni utakula nini kuanzia mwezi wa sita.

Mimi niliokolewa na duka.

Machi 2020 korona ikaingia, tukawekewa kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja asubuhi, na hata zile kampuni chache zilizokuwa zikijibu barua pepe zikanyamaza. Mei, Mzee akanipigia: mtu wake wa kaunta alikuwa amerudi kijijini, je, ninaweza kumshikia duka? Nilirudi. Nilijikaza, kwa sababu mwaka mmoja na nusu kabla nilikuwa nimetoka mlango uleule nikiwaambia mafundi wataniona kwenye televisheni.

Wiki ya tatu nikagundua kitu. Pesa taslimu zilikuwa zimepungua kwa ajili ya korona, karibu kila mtu analipa kwa M-Pesa. Na kulikuwa na watu wanaokuja na ujumbe bandia. Mtu ananunua shoki absoba, anakuonyesha simu, ujumbe uko pale na jina la duka na kiasi, unampa mzigo, jioni ukijumlisha pesa hazipo. Simu ya Till, ile namba ya duka ya kupokelea malipo, ilikuwa na Mzee, na Mzee hakai kaunta. Kwa wiki mbili tulikuwa tumepoteza vitu vya maelfu.

Hapo ndipo shule ilipoanza kunilipa. Tangu 2017 Safaricom ina Daraja, mlango wa kuunganisha programu yako na M-Pesa, na kila developa wa Nairobi anaijua namba 174379 ya majaribio kama anavyojua namba ya nyumbani. Unaandika programu inayotuma ombi, simu ya mteja inatoa kidirisha cha kuweka PIN, anaweka, halafu Daraja inarudisha majibu kwenye anwani uliyoitaja: 0 maana yake pesa imeingia, 1 maana yake hana salio, 1032 maana yake ameghairi mwenyewe. Ujumbe wa kuonyeshwa na mteja hauna kazi tena. Kaunta inasubiri sifuri. Niliiandika kwa usiku kumi na moja, na siku mbili kati ya hizo zilipotea kwa sababu namba ya simu lazima ianze na 254 na mimi nilikuwa naituma na 07.

Siku ya kwanza mteja wa kwanza alikuwa fundi mmoja mwaminifu, mtu wa miaka mingi, amekuja kuchukua brekipedi. Shilingi 2,800. Nikatuma ombi, kidirisha kikatokea kwenye simu yake, akaweka PIN. Akasubiri, nami nikasubiri. Kioo changu kinasema "inasubiri". Simu yake ikalia, akanionyesha ujumbe: zimetoka. Kioo changu, inasubiri. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu. Fundi akasema polepole, "Madam, unaniona mwizi?"

Stima zilikuwa zimepotea dakika ileile. Laptopu ina betri kwa hiyo haikuzima, sikutambua, lakini modemu ilikuwa imekufa. Daraja ilileta jibu, ikakuta mlango umefungwa. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimeandika programu inayongoja kuambiwa, sikuwa nimeandika inayojua kuuliza. Kumbe kila ombi hupewa namba yake, na ukiwa umeihifadhi unaweza kurudi baadaye kuuliza, "ile ya saa nne na dakika kumi, iliishaje?" Darasani tulijenga kila kitu kwenye chumba chenye stima za jenereta. Hakuna aliyetufunza Grogan.

Nilimpa fundi brekipedi zake na kumwomba radhi mbele ya watu. Usiku ule, Githurai, nilikaa kwenye godoro nikaandika ile sehemu ya kuuliza. Kisha nikaandika nyingine ya kuzuia jibu moja likija mara mbili lisihesabiwe mara mbili. Kisha nikakodi seva ya nje kwa dola 5 kwa mwezi ili programu isikae tena dukani. Hadi Julai haikuwa imetukosea tena.

Agosti nikaitwa mahojiano na kampuni moja ya malipo. Waliokuwa wakiniuliza walikuwa wawili, kwenye video. Waliuliza mambo ya kawaida, nikajibu kawaida, nikaona wanachoka. Halafu mmoja akauliza, "Na jibu la malipo lisipofika?" Nikamweleza habari ya brekipedi. Nilieleza robo saa nzima, mpaka lile la fundi kuniuliza kama namwona mwizi. Yule mwingine, ambaye alikuwa amenyamaza muda mrefu, akawasha kamera yake. Nilianza kazi wiki iliyofuata.

Nilidhani ni bahati yangu tu. Kisha nikaanza kuwaangalia wenzangu, maana kile kikundi chetu cha WhatsApp hakijafa mpaka leo.

Kuna tuliyemwita Kondakta, kwa kuwa alikuwa makanga wa magari ya Rongai kabla ya shule. Alituma maombi ya kazi mwaka mzima akiambulia patupu, kila programu aliyoionyesha ilikuwa ileile ya orodha ya mambo ya kufanya ambayo sote tulifunzwa. Siku moja sako yake ya zamani, yaani ushirika wa wenye magari, ikamwita awatengenezee kitu cha kuandika mapato. Yeye akawaambia mapato si shida yenu. Shida ni kwamba mwenye gari anadhani fulani ndiye anaendesha, kumbe saa sita mchana gari limeshapewa skwodi, yule wa kushikia kwa muda, na jioni hakuna anayejua hesabu ni ya nani. Akawaandikia programu inayomwuliza karani wa steji swali moja tu kwa kila safari: nani yuko kwenye usukani? Mtu wa digrii asiyewahi kuning'inia mlangoni asingefikiria kuuliza. Sasa ameajiriwa na kampuni ya kufuatilia magari, na mshahara wake umenipita.

Dada mmoja alikuwa mhudumu wa famasia Eastleigh. Kwenye mahojiano walimwambia achore jedwali la dawa. Kabla hajagusa kalamu akauliza: "Dawa moja ikiwa na bachi mbili za tarehe tofauti za kuharibika, ipi inatoka kwanza?" Aliniambia chumba kilikaa kimya. Wenye kampuni walikuwa na mfumo tayari, unauzwa, na haukuwa na jibu la swali hilo.

Tena yuko Mwalimu, wa hisabati, kutoka Kitui. Yeye ndiye aliyekuwa bora kati yetu, bila ubishi. Mwaka 2021 alipata kazi na kampuni ya Ulaya, anafanyia nyumbani, mshahara wa kigeni. Alimsomesha dada yake chuo. Alimjengea mamake nyumba ya mawe. Halafu mwisho wa 2022 Meta, wenye Facebook, ikapunguza watu 11,000, Januari 2023 Google ikatangaza 12,000, na wadogo wakafuata wakubwa. Jioni moja laptopu ya kazi ilijifunga akiwa katikati ya sentensi. Barua ilikuja baadaye. Leo anafundisha tena mchana, na usiku anachukua kandarasi ndogondogo. Nilipomtembelea alinionyesha programu ya ratiba ya masomo aliyowaandikia shuleni kwao, ile kazi ambayo naibu mkuu alikuwa akiifanya kwa penseli na rula likizo nzima. Sijui kama niite hii kurudi nyuma. Yeye haiiti hivyo.

Wengine wamo humohumo: wawili wanajaribu programu kabla hazijatoka, mmoja ni mchambuzi wa data, mmoja ameolewa Mwanza na anafundisha watoto kompyuta. Wachache wameacha kabisa na hawapendi kuulizwa.

Na sasa kuna akili mnemba. Binamu atakutana nayo, sisi hatukukutana nayo. Zile kazi ndogo ambazo developa mchanga alikuwa akipewa ajifunzie, kutengeneza fomu, kurekebisha ukurasa, sasa mkubwa anaiambia mashine na inampa kwa dakika. Kwa maoni yangu kile kipindi cha nje kitazidi kurefuka. Miezi yangu kumi na minne yeye anaweza kuiona ishirini. Lakini mashine ile haijui skwodi ni nini, wala haijawahi kusimama kaunta stima zikipotea.

Kwa hiyo nilimpigia simu juzi. Nilimwambia mambo mawili. La kwanza, pesa ya ng'ombe asiimalize kwa karo. Nusu iwe ya karo, kama shule inakubali kulipwa kidogokidogo, na nusu awekewe na mamake kwa kodi ya nyumba na bando kuanzia mwezi wa sita, na laptopu isiuzwe hata iweje, aniite kwanza. La pili nilimuuliza swali. Tangu amalize fomu ya nne amekuwa akipima maziwa kwenye kituo cha ushirika, kila siku alfajiri. Nikamuuliza, "Ukishapima, unaandika wapi?"

Alinitumia picha. Kadi ya mkulima, imelowa pembeni, safu ya tarehe na safu ya kilo. Mstari wa nne ulikuwa umeandikwa 8.5, ukakatwa, pembeni pakaandikwa 8.2 kwa kalamu ya rangi nyingine.

Nikamwandikia: "Nani amekata hapo?"

Nikaona anaandika. Akaacha. Akaanza tena, akaacha. Kisha akanitumia sauti ya dakika kumi na moja.